Kamio Isiyo na Matairi ya Nyuma

Baba yangu aliniaibisha mbele ya watu elfu tatu kwa ajili ya tanki ya mazutu.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2024, nyumbani kwetu Murara, mjini Goma. Wakati ule nilikuwa sekretere katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, na kila nilipotoka kazini nilimkuta Papa ameketi mlangoni ananingoja. Hakuwa ananingoja mimi. Alikuwa anangoja simu yangu, kwa sababu yake ilikuwa ya vitufe, ya kupigia na kupokea tu. Nilikuwa nimefanya kosa, wiki chache nyuma, la kumwonyesha ukurasa mmoja wa Facebook ulioitwa Kamio Zetu. Mtu fulani wa Butembo, asiyetaja jina lake, alikuwa anaweka humo picha za kamio ndogo, malori ya mfano, alizozitengeneza kwa mikono yake.

Zilikuwa nzuri, lazima niseme. Kila moja ilikuwa na urefu wa mkono, kutoka kiwiko hadi vidole. Mwili ulikuwa wa mbao laini na bati la makopo ya maziwa ya unga, matairi yalikatwa kwenye kandambili kuukuu, vioo vya pembeni vilikuwa vipande vya CD. Milango ilifunguka. Ukisogeza picha karibu uliona usukani, kiti kilichoshonwa, hata rozari nyembamba kama uzi ikining'inia mbele ya dereva. Mimi niliweka alama ya moyo nikapita zangu.

Papa hakupita. Papa aliendesha kamio miaka ishirini na miwili, Goma hadi Butembo, Beni hadi Kisangani, na picha moja aliweza kuitazama mpaka chai ikapoa. Kisha alisema, "Nasiba, andika."

"Niandike nini?"

"Andika kwamba tanki ya mazutu iko upande mubaya."

Nikaandika kwamba tanki ya dizeli imekosewa upande, ili anirudishie simu. Kesho yake akataka niandike kwamba ngazi ya kupandia nyuma ina daraja moja zaidi. Siku iliyofuata, kwamba hakuna shofa duniani anayefunga bashe, turubai la kufunikia mzigo, kwa fundo la namna ile. Yote yalitoka kwa jina langu na picha yangu, mimi niliyevaa kilemba cha Idi, na wale watu elfu tatu waliofuata ukurasa ule wakaanza kuniita Mama Fundi na Mkaguzi. Ofisini mwenzangu Julien aliniuliza, huku akijizuia kucheka, tangu lini nimejua mambo ya resoro, springi za kamio. Nilirudi nyumbani nimenuna.

"Papa, acha. Watu wananicheka."

"Wanakucheka juu ya nini? Tanki iko upande mubaya ama haiko?"

Mwenye ukurasa naye alichoka. Aliandika, "Mama, kama unajua kuliko mimi, tengeneza ya kwako." Nilimsomea Papa nikidhani sasa ataona haya. Aliomba nimwonyeshe jinsi ya kutuma sauti. Akatuma dakika nne. "Ndugu yangu," alianza, "mimi siko mama. Niko muzee Mahamudi wa Goma, nilikuwaka shofa. Kazi yako ni nzuri sana, njo maana inaniuma kuona makosa." Halafu akataja makosa.

Jibu lilikuja baada ya saa moja. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya kukauka kidogo, na nyuma yake kulikuwa na mtu anapiga msasa.

"Muzee, na mie siko ndugu yako. Naitwa Angèle. Nimeenda parking leo nimeangalia kamio tatu. Kuhusu tanki una haki. Kuhusu fundo la bashe hauna haki, bandugu zangu wote wanafunga vile. Na tafazali, usiniandikie tena mbele ya watu. Niandikie pembeni."

Papa alisikiliza mara mbili. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono yake.

"Muulize kama baba yake alikuwaka shofa," alisema mwishowe.

Baba yake hakuwa dereva. Alikuwa mfanyabiashara wa vitunguu na maharagi, na alimchukua Angèle safarini tangu akiwa mdogo, juu ya magunia. Kamio ilipoharibika njiani walikaa siku mbili, siku tatu, na yeye hakuwa na kingine cha kutazama isipokuwa kamio yenyewe. Alikuwa sasa na miaka arobaini na kitu, anafundisha shule ya msingi asubuhi, na mchana anatengeneza kamio. Alisema haya yote kwa sauti ya mtu anayetaka kurudi kazini kwake.

Hapo Papa akaagiza yake.

Hakutaka kamio yoyote. Alitaka ile yake, ya pua ndefu, aliyoipoteza siku ya moto wa Nyiragongo, ile volkano yetu, mwezi wa kwanza mwaka 2002. Angèle aliomba picha. Picha hatukuwa nazo, ziliungua pamoja na nyumba. Basi ikabidi amwelezee kwa maneno, na mimi ndiye niliyekuwa namshikia simu, kwa sababu kidole chake kilitetemeka na kukata sauti katikati.

Wiki saba. Sijui Angèle alipata wapi uvumilivu, maana wangu uliisha katika wiki ya pili. Alituma picha ya kabine, Papa akasema pua imenyooka mno. Akaikunja, Papa akasema sasa imekunjwa mno. Rangi ya bluu ilipakwa mara tatu. Ya kwanza ilikuwa mpya mno, ya pili ilikuwa ya serikali. "Mwambie bluu ya kanzu iliyofuliwa sana," Papa alisema, na mimi nikamwambia kwamba hakuna duka linalouza rangi hiyo, na yeye akaniambia nitume tu. Nilituma. Angèle aliielewa, na hilo liliniudhi zaidi, kwamba kuna mtu mmoja duniani anayemwelewa na mtu huyo si mimi.

Mlango wa kushoto, Papa alisema, haukufungika vizuri. Aliufunga kwa kamba ya mkonge. Angèle alicheka kwa mara ya kwanza na akatuma picha ya mlango wenye kamba, nyembamba, imesokotwa kweli. Mbele, juu ya kioo, aliandika kwa brashi SINA HARAKA, herufi zikiinama kulia kama alivyoambiwa. Papa alipoiona hakutoa kosa. Alikwenda kuswali alasiri akachelewa kurudi, na nilifikiri, tumemaliza, nimepona.

Lakini jioni ile akasema, "Matairi ya nyuma asiweke. Aweke mawe."

Nilituma. Angèle alijibu papo hapo. "Muzee, kamio juu ya mawe ni maiti. Mie sitengenezi maiti."

"Njo vile ilikuwa."

"Ilikuwa vile siku gani? Umeiendesha miaka yote ile, ilikuwa na matairi. Mbona unataka siku moja tu?"

Papa alinirudishia simu. Angèle akangoja siku moja, akaandika kwamba ana maagizo mengine, na kwamba atakapopata jibu ataendelea. Papa alikuwa anazunguka chumbani kama mtu aliyepoteza ufunguo, anaomba simu, anaitazama, anairudisha. Nilimwambia, "Papa, mwambie tu aweke matairi, kazi iishe." Aliniambia siwezi kuelewa. Nikamwambia basi eleza. Akaenda kuchukua udhu.

Siku ya tano, Jumapili mchana, alinipa simu mkononi na kusema, "Shika. Bonyeza." Nikabonyeza. Akazungumza na Angèle, si na mimi, huku uso wake ukiwa umeelekea dirishani.

Alisema kwamba asubuhi ya moto ule kamio yake ilikuwa nzima, imejaa mazutu, imeegeshwa kando ya ukuta wetu. Kwamba rafiki yake Védaste, shofa kama yeye, aliteremka kutoka Munigi na kamio yenye watu, wazee, wagonjwa, wanawake wawili waliotoka kujifungua wiki ile, na matairi yake mawili ya nyuma yalikuwa yamepasuka juu ya mawe. Moto ulikuwa bado mbali na kwetu. "Nikatoa yangu," Papa alisema. "Nilikamata jeki, nikatoa mbili za nyuma, nikamupa. Akasema anafikisha watu Sake, anarudi mbele ya saa sita. Nikaweka kamio yangu juu ya mawe. Saa sita hakurudi. Saa tisa hakurudi. Njia ilikwisha kufungwa, moto ulikuwa umeikata. Jioni ukafika kwetu. Nikachukua bibi yangu na batoto, tukaenda na miguu."

Nilikuwa na miaka saba siku ile. Nakumbuka kikwembe cha mama, kitenge nilichokishika mpaka Gisenyi, Rwanda, jinsi kilivyonuka moshi, na ndugu yangu Idriss mgongoni kwake akilia kwa homa. Nakumbuka kamio za watu wengine zikitupita zimejaa, na mama akizitazama. Na nakumbuka miaka kumi na tano iliyofuata, mpaka alipofariki, kila chumvi ilipokosekana au paa lilipovuja, mama alisema maneno yale yale: mutu gani anaacha kamio mbovu uani siku ya moto. Wote tulijua kwamba Papa alikuwa mzembe, kwamba kamio ilikuwa mbovu na hakuitengeneza kwa wakati. Ndugu za mama, waliochangia kuinunua, walijua hivyo. Jirani walijua. Papa aliposikia alitazama chini, nasi tukachukua kule kutazama chini kuwa ni kukiri.

Nilitoa kidole kwenye simu. Sauti ikaenda.

"Mama hakujua?"

"Hapana. Alikuwa amepeleka Idriss dispansari, aliporudi akakuta kamio juu ya mawe."

"Miaka kumi na tano anakuita mzembe, na wewe unanyamaza."

"Angejua, angeniita kitu kibaya zaidi," Papa alisema. "Alitembea na mutoto wa homa mugongoni. Ningemwambia nini? Kwamba matairi yake niliwapa watu asiowajua?"

Nikamjibu vibaya. Nilimwambia kwamba amemweleza mwanamke wa Butembo, mtu wa kwenye simu, kitu ambacho mke wake alikufa bila kukijua. Kwamba amenitumia mimi kama kishikio cha simu. Nikasema mengine pia. Papa alisikiliza yote, halafu akauliza kama sauti imefika.

Ilikuwa imefika. Angèle aliisikiliza, alama zilionyesha, lakini hakujibu. Mwezi wa kumi na mbili ukapita. Malipo Papa alikwisha kuyatuma tangu Novemba, baada ya kuuza redio yake, na nilimwambia kwamba sasa amekosa redio na kamio pia. Hatukuwa tunaongea vizuri siku zile.

Kisha Januari ikaja na vita. Waasi walikuwa wamezunguka mji kwa miezi mingi, na watu waliotoka kambi za Kanyaruchinya walishuka barabarani na magodoro vichwani, na wiki ya mwisho ya mwezi mji ukaanguka. Siku nne tulilala koridoni, mbali na madirisha, mimi na Papa na shangazi yangu mmoja. Umeme ulikatika, maji yakakatika, reseau ya simu ikakatika. Risasi moja ilitoboa bati juu ya jiko. Na katikati ya mambo hayo, huku tumelala kifudifudi, Papa aliniuliza:

"Unafikiri Angèle anajua kama reseau imekatika huku? Ama anafikiri nimekasirika?"

"Papa, watu wanakufa nje."

"Najua," alisema. "Nauliza tu."

Yalipotulia, nilikwenda Himbi nikakuta ofisi yetu imeporwa hadi swichi za ukutani. Wakubwa walikuwa wameondoka. Benki zilifungwa. Nikawa mtu wa kukaa nyumbani mchana kutwa na baba yangu, ambaye kila nusu saa aliuliza kama reseau imerudi.

Iliporudi, picha ilikuwa inatungoja. Angèle alikuwa ameiweka kwenye ukurasa wiki mbili kabla. Kamio ya bluu iliyofifia, pua ikiinama kidogo tu, kamba mlangoni, SINA HARAKA, bashe iliyofungwa kwa fundo la Papa na si la ndugu zake. Alikuwa ameipiga kwa mbele, nyuma haikuonekana. Chini aliandika, "Kamio ya Muzee Mahamudi wa Goma. Kama kuna mutu ana habari zake, anipe."

Watu mia mbili na zaidi walikuwa wameandika. Madereva wa zamani kutoka Bunia, Kisangani, Kasese, walibishana kuhusu rangi. Mmoja alisema hajapata kuona kazi ya mkono kama ile. Wengi, ambao walinijua kwa jina la Mkaguzi, waliuliza kama Mama Fundi ni mzima. Nilimsomea Papa moja baada ya nyingine. Ilichukua muda mrefu, na mara nyingine alinifanya nirudie, na sikukasirika kama nilivyozoea.

Nikamwandikia Angèle kwamba tuko wazima. Alituma sauti fupi. "Mungu asifiwe. Sikujua niseme nini kuhusu ile habari ya matairi, njo maana nilinyamaza. Kisha vita ikaanza, nikajilaumu. Sasa nambie namna ya kuileta."

Namna haikuwepo. Butembo ilikuwa upande wa serikali, sisi upande wa waasi, na kati yetu ulikuwa mstari wa mbele wa vita. Tulijaribu mtu wa moto, mwendesha pikipiki, akageuzwa Lubero. Tulijaribu padri mmoja, akabadili safari. Papa alitoa mashauri ya njia ambazo hazikuwepo tena tangu enzi za ujana wake, na nilimwambia hivyo. Mwishowe alikuwa mwanamke mfanyabiashara wa vitenge, Mama Charline, aliyeibeba: akaivusha Kasindi, akapita nayo Uganda yote ya magharibi ndani ya basi, ikiwa magotini kwake, akaingilia Bunagana. Kila kizuizi, alisema, askari walitaka ifunguliwe, na kila walipoifungua waliita wenzao waje kuitazama milango. Kizuizi kimoja walimkalisha saa mbili nzima wakiipitisha mkono kwa mkono. Alikuwa amechoka na amekasirika. "Muambie mutu wenu mara ingine aagize kitu cha kukunjika."

Ilifika mwezi wa tano. Papa aliifungua mezani, polepole, akakunja kila gazeti lililoifunga.

Picha hazikuwa zimesema ukweli wote. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande mmoja, kama kiti kilichokaliwa na mtu mmoja miaka mingi. Nyuma ya kiti kulikuwa na kikoba cha jeki, na ndani ya kikoba, jeki. Ukifungua mlango wa kushoto ulisikia bawaba zikilia kidogo. Nilikuwa nimeona sehemu zake zote kwa wiki saba, moja moja, huku nikilalamika, na sikuwahi kuiona. Niliinama mezani nikaitazama mpaka shangazi akaniambia nimeziba mwanga.

Nyuma ilikuwa juu ya mawe mawili meusi, mawe ya kweli ya volkano, yametoka wapi huko Butembo sijui. Na chini ya bashe kulikuwa na kifuko cha kitenge kimeshonwa, chenye matairi mawili na karatasi. Angèle alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa mwalimu: "Muzee, nimechoka kubishana na wewe. Amua mwenyewe."

Papa alivaa miwani akasoma. Kisha akaketi na matairi yale kiganjani.

"Védaste alirudi?" nilimuuliza. Sikuwa nimeuliza tangu siku ile ya sauti.

"Siku ya sita. Aliyaleta yote mawili, ameyafunga juu ya baiskeli. Kamio ilikuwa imekwisha kufunikwa, ilibaki kona moja ya kabine. Akasimama pale, akalia kama mutoto. Nikamwambia nyamaza, watu watasikia."

"Ukayafanyia nini?"

"Niliuza." Alionyesha juu kwa kidole. "Njo mabati ile."

Mama aliamini mabati yale yalitoka kwa watu wa msaada. Alikuwa akiwaombea dua, nilimsikia mwenyewe.

"Unaona angenisamehe?" Papa aliuliza.

"Sijui, Papa. Mimi naona asingekusamehe haraka."

Aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimetaja bei ya haki. Akaondoa jiwe la kwanza, akajaribu kupachika tairi. Kamio ikateleza mezani. Tundu lilikuwa dogo, na alianza kunung'unika kwamba ekseli imebana mno, kwamba Angèle angepaswa kuisugua zaidi. Nilivuta kiti nikaketi upande wa pili. Sikumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu kwangu hayakuwa yamekwisha. Niliishika kamio kwa mikono miwili, isisogee, nikangoja apate tundu.